Nilisoma hadithi kikundini, jirani yangu akainuka akaondoka

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka kijiji kimoja cha Muheza, upande wa njia ya kupandia Amani. Nina miaka 34, mume, watoto watatu, na ekari mbili za michungwa tuliyochanganya na muhogo. Shule niliishia kidato cha nne. Maisha yangu ni shamba, maji, kuni, kanisa, na kitu kimoja ambacho nimeshindwa kukiacha: hadithi.

Kilianza na dada yangu aliyeolewa Tanga mjini. Kila akija huniletea vitabu vya hadithi za Kikristo, vingi vimetafsiriwa. Humo kuna wakulima wa Marekani, theluji imefika madirishani, mjane anaoka mkate, mchungaji anakuja na farasi kumwombea. Nilivisoma nimekaa uani nalinda makopa yasiliwe na kuku, na machozi yananitoka. Siku moja nikajiuliza: na mjane wa huku je? Yule ambaye mashemeji wanahesabu michungwa yake kabla matanga hayajaanuliwa, naye hamwombi Mungu? Mbona sijamsoma popote?

Basi nikanunua kaunta buku nikaanza kumwandika. Huandika usiku, watoto wakishalala, kwa taa ya sola. Leo nina kaunta buku mbili zimejaa, hadithi tisa. Nilianza kuwasomea wenzangu barazani kwangu tukimenya muhogo. Hata jirani yangu mmoja Mwislamu huja na ukili wake, anasuka huku anasikiliza, na nikinyamaza ndiye wa kwanza kuuliza, "Halafu?"

Sasa nikueleze yaliyonipata. Mwezi uliopita, kwenye kikundi chetu cha mama kinachokutana kanisani Jumatano, ulifika wakati wa ushuhuda na hakuna aliyesimama. Mwenyekiti akasema, basi wewe tusomee hadithi yako moja. Nikasoma ile ninayoipenda. Ni ya mwanamke anayeuza maandazi karibu na shule, ameolewa miaka 11 hajapata mtoto, mawifi wanamsema. Usiku mmoja anashuka mtoni, anaomba mpaka jogoo linawika, anamsamehe mama mkwe wake, na mwaka haujaisha anajifungua mapacha. Akina mama walipiga vigelegele. Lakini mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma alichukua kanga yake, akainuka, akatoka bila kuaga.

Mwenzetu huyo ana miaka 12 kwenye ndoa na hana mtoto. Anauza vitumbua karibu na zahanati. Shangazi, sikukusudia kumwandika yeye. Lakini ukiniuliza faraghani nitakwambia kwamba kila yule mwanamke wa hadithi alipofungua mdomo, mimi nilikuwa naisikia sauti ya huyu. Tangu siku ile ananijibu "salama" na kupita. Juzi nilimtuma mwanangu vitumbua, akarudi na pesa mkononi. Ameambiwa vimekwisha. Mtoto akaniambia, "Mama, sinia lilikuwa limejaa."

Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kanisa akaniita mbele ya watu wawili, akasema hadithi za kubuni ni uongo, na uongo hautakaswi kwa kutajwa jina la Yesu ndani yake. Mume wangu anasema niache, nimletee amani nyumbani. Wakati huohuo kuna kijana mjini mwenye duka la kuchapa, dada alimwonyesha hadithi ileile ya mapacha, anasema ni nzuri sana, nikitoa laki nne atanitolea nakala 100. Pesa ya machungwa ya msimu huu inaweza kufika hapo. Mume sijamwambia.

Je, nafanya dhambi? Niache kuandika? Nikitoa hiyo laki nne nitakuwa nimekosea? Na huyu jirani nimfanyeje?

Nimeambatisha hadithi hiyo ya mapacha, na ukurasa wa hadithi nyingine niliyoianza, ya mzee anayepanga foleni ya maji.

Mama wa Kaunta Buku, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Jirani umemweka mwisho wa barua. Mimi naanza naye, na nitamaliza naye.

Unasema hukukusudia, nami nakuamini. Lakini tazama ulichobadilisha: vitumbua vikawa maandazi, zahanati ikawa shule, miaka 12 ikawa 11. Kijijini, ambako mtu akiona moshi anajua ni wa jiko la nani, huko ni kumbadilisha mtu kanga na kuiacha sura. Kila mama aliyekuwa kwenye lile benchi alijua. Waliopiga vigelegele walijua. Naye alijua kwamba wanajua.

Hata hivyo sidhani kwamba kutambulika ndiko kulikomwumiza zaidi. Fikiria alivyoisikia. Ilikuwa wakati wa ushuhuda. Wakati ule mtu husimama kusema Bwana alimtendea nini, na wanaosikiliza huamini kwamba lilitokea. Ukasimama wewe, ukasoma habari za mwanamke kama yeye aliyeomba usiku mmoja, akasamehe, akapewa watoto wawili kwa mpigo. Mwenzako akabaki na nini? Na hesabu ya usiku wake mwenyewe. Miaka 12, mwanangu. Huo mto ameshaushukia mara ambazo wewe hujui. Ameshasamehe mawifi, akaudhiwa tena, akasamehe tena. Hadithi yako ikamwambia mbele ya wenzake kwamba pengine hakuomba vizuri. Ndiyo maana aliinuka.

Nalijua hili kwa upande wa mpokeaji. Nilimzika mume wangu nikiwa na miaka 41, na wiki chache kabla hajafa shoga yangu mmoja alinipa kijitabu cha hadithi ambamo mgonjwa aliyekatiwa tamaa anapona kurasa za mwisho. Alinipa kwa upendo mtupu. Nilikisoma usiku mmoja nimekaa kando ya kitanda, asubuhi nikakirudisha, na sikuweza kumweleza ni kwa nini sikutaka kukiona tena ndani ya nyumba. Urafiki wetu haukufa, lakini ulipata ukimya ambao haujatoka mpaka leo. Sitaki ukimya kama huo upatikane kati yako na jirani yako.

Sasa mzee wa kanisa. Anasema hadithi ni uongo. Yeye na wewe mmekulia nchi moja, na sote tulifundishwa na bibi zetu namna ya kuifungua hadithi. Msimulizi anaita, "Hadithi! Hadithi!" Nasi tunaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hapo hakuna anayedanganywa. Wanaosikiliza ndio wanaouita huo uongo kwa midomo yao, mlango umefunguliwa wazi, na kila mtu anajua anaingia nyumba gani. Mwongo ni yule anayekuambia jambo ambalo halikutokea ili uamini kwamba limetokea. Sungura hajawahi kuongea na simba, na hakuna mtoto wa Kibondei aliyewahi kudai kwamba bibi yake amemdanganya.

Akitaka ushahidi wa kanisani, anao mlangoni kwake. Magila, mnayoiita Msalabani, ipo hapohapo wilayani kwenu, na ilijengwa na misheni iliyomleta Unguja kasisi Mwingereza, Edward Steere. Steere ndiye aliyeibeba kazi ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili, kazi iliyozaa Biblia nzima iliyotoka mwaka 1891, yeye akiwa ameshafariki tangu 1882. Lakini mwaka 1870, kabla hajawa askofu, mtu huyohuyo alichapisha kitabu cha hadithi alizozisikia kwa watu wa Unguja, zenye wanyama wasemao na masultani. Hakuona kwamba mkono unaoshika Injili unachafuka kwa kushika hadithi. Na Bwana mwenyewe, unajua, alifundisha kwa mifano. Yule baba wa wana wawili hakuwa na shamba lililojulikana mahali pake, wala hakuna aliyemwuliza Yesu ni mtu wa kijiji gani.

Lakini usimpelekee mzee haya ili umshinde. Kuna mahali ambapo ana haki, hata kama hakupaeleza vizuri. Hadithi ilisomwa wakati wa ushuhuda, na mle ndani hukuita "Hadithi! Hadithi!", na hakuna aliyeitikia. Mlango haukufunguliwa, watu wakajikuta ndani. Mwenyekiti alikuomba kwa nia njema, nawe ukakubali kwa furaha ya kuombwa, lakini ilikuwa kosa, na ungefanya vema kumwendea mzee na kumwambia hivyo. Mwambie: "Mzee wangu, nilikosea mahali pa kusomea, na halitatokea tena." Sijui atasema nini kuhusu mengine. Naamini atakusikiliza zaidi ukianza hapo kuliko ukianza na Steere. Na hadithi zirudi barazani kwako, kwenye muhogo na ukili, zilikokuwa salama.

Swali lako la kwanza, basi: hapana, kubuni si dhambi. Ila kuna jambo la Nathani ninalotaka ulifikirie. Daudi alipochukua mke wa mtu na kumwua mumewe, nabii alimwendea na kisa cha tajiri aliyempokonya maskini mwanakondoo wake mmoja. Mfalme akawaka hasira, ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni wewe. Watu wengi huitumia habari hiyo kutetea hadithi, na ni sawa. Lakini angalia Nathani alimpelekea nani: mwenye nguvu, aliyekosa, aliyekuwa amejificha. Wewe kisa chako kimemfikia aliyeumia, asiye na kosa, ambaye hana mahali pa kujificha. Ungekiandika kwa upande wa mawifi, kwamba wao ndio wanaosikia na kujitambua, pengine siku ile angetoka mtu mwingine kwa aibu, na jirani yako angebaki amekaa.

Nimeisoma hadithi yenyewe mara mbili. Nikwambie ukweli kama ninavyomwambia binti yangu. Mapacha umewapa kurasa nne: vigelegele, nguo za watoto, mama mkwe anapiga magoti, mchungaji anawabariki. Mto umeupa nusu ukurasa. Ulikimbia. Ulifika mahali pagumu kuliko pote, usiku ule, maji yanapita, mwanamke hajui kama anasikiwa, ukaogopa kukaa naye pale, ukamletea watoto haraka ili wewe upumue. Rudi kamsome Hana, mama yake nabii Samweli, katika Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza. Anaomba midomo inacheza sauti haitoki, kuhani anamdhania amelewa, naye anamjibu. Kisha anaondoka, anakula, na uso wake haupo tena kama ulivyokuwa. Samweli yuko wapi wakati huo? Bado. Hata mimba bado. Uso ulibadilika kwanza. Mwandishi wa habari ile hakuuruka mstari huo kukimbilia mtoto, nami naomba usiuruke.

Tena yule baba wa wana wawili. Mdogo amerudi, ndama amechinjwa, ngoma inalia, mkubwa amesimama nje amenuna, baba ametoka kumbembeleza. Kisha? Habari imeishia pale uani. Hatuambiwi kama aliingia. Nimeisoma tangu nikiwa shule ya msingi na kila mara natamani kujua, na nadhani ndiyo sababu haijawahi kuniacha. Hadithi ya imani inaruhusiwa kumwacha mtu mlangoni. Wapo wasomaji wako ambao wamesimama mlangoni miaka mingi, na ukiwafungia kila kitu kwa fundo zuri ukurasa wa mwisho, unawaambia kwamba wao peke yao ndio wameshindwa kufika.

Najua utauliza, mbona vitabu vya dada vinaisha vizuri na vilikuliza? Endelea kuvisoma, vimekufundisha mengi. Lakini ukivichunguza utaona kilichokuliza hakikuwa ule mwisho. Ni kwamba aliyeandika alimjua yule mjane, aliijua baridi ya theluji vidoleni, alijua mkate unanukaje ukiwa tanurini. Wewe unayo masika ya Muheza, wakati njia ya Amani inateleza mpaka fuso la machungwa linalala njiani siku mbili na mnunuzi anashusha bei kwa sababu matunda yanaanza kulainika. Mtu anaomba sala gani amesimama kando ya fuso hilo, ada ya mtoto ikiwa imo ndani ya yale machungwa? Hiyo sala hakuna wa Marekani atakayekuandikia.

Kwamba unaweza, nimekwisha kuona. Ule ukurasa ulioambatisha wa mzee wa foleni ya maji nimeusoma nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi kuusoma tena. Mzee amempoteza mwanawe. Yuko bombani na ndoo yake, zamu yake ikifika anampisha mwenye mtoto mgongoni, kisha anampisha mwingine, kisha wa tatu. Watu wanamsifu kwa upole wake. Sisi tunaosoma tunaanza kuelewa kwamba anaogopa kurudi kwenye nyumba iliyo kimya. Na ndoo ikijaa hatimaye, anachosema ni "Bwana, nipo." Hukuandika neno imani hata mara moja. Hukuleta mchungaji. Hukumrudishia mtoto. Mwandishi wa ukurasa huu ndiye ninayemwambia asiache, hata mume akinuna kidogo. (Na mume, nadhani, hakatai hadithi. Anachokataa ni kuitwa mbele ya watu kila Jumapili. Ukishatulia na mzee, naye atatulia. Msomee huu wa foleni.)

Laki nne usitoe. Kwanza kwa sababu ni pesa ya watu wawili, na kitabu kisizaliwe kwa siri ndani ya nyumba yako. Pili, kijana wa dukani ni mchapaji. Mchapaji unamlipa wewe, anakupa karatasi zilizofungwa, na nakala 100 zinabaki chini ya kitanda chako. Mchapishaji ni mwingine: yeye anasoma mswada, akiukubali anauhariri na kuuchapisha kwa gharama zake, na wewe anakulipa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Kukubaliwa ni kugumu na huchukua muda, lakini hakukugharimu machungwa. Siku ukija kuchapisha mwenyewe, utahitaji namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, na hapa kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Na ujue kwamba hadithi ni mali yako tangu ulipoiandika. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, hata kama kaunta buku haijawahi kufika kwa mchapaji yeyote. Kwa hiyo usiache nakala yako pekee kwenye duka la mtu, wala usitie sahihi karatasi inayosema umempa haki zote.

Na ile ya mapacha isichapwe kabisa. Si na kijana huyo, si na mwingine yeyote, si leo wala baadaye, isipokuwa mwenye maisha yale aseme mwenyewe kwamba sawa. Usimwombe aseme hivyo.

Sasa nenda kwake. Usimtume mtu, usiende na mwenyekiti wala mke wa mchungaji, wala usibebe zawadi, maana itafanana na malipo. Usimweleze jinsi hadithi zinavyobuniwa. Usimwambie kwamba unamwombea apate mtoto. Amelisikia hilo mpaka limekuwa kama jiwe. Mwambie, "Nimekukosea. Nilichukua mambo yako nikayasoma mbele ya watu, na nikayamaliza kana kwamba ni mepesi." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikutukana, pokea. Akisema hataki kulizungumza, usilizungumze, ila usiinuke haraka.

Wakati mzuri ni alasiri, maana asubuhi ana wateja. Nenda saa kumi hivi, utamkuta anachagua mchele wa kuloweka kwa ajili ya vitumbua vya kesho. Piga hodi. Akikukaribisha, vuta kigoda ukae upande wa pili wa ungo, nawe uchague. Kaunta buku iache nyumbani.

Shangazi yako